Kompyuta Iliyojinasa

Boti ya wavuvi wawili, Griffins na Okello, ilikuwa imeshapita kisiwa cha Ndere, ikielekea Port Victoria, upepo ulipogeuka. Mimi, mpita njia, nilikuwa nimejikinga mvua katika ofisi ya wavuvi wa ufuo, nje kidogo ya Kisumu. Mle ndani kulikuwa na kompyuta inayopokea ishara za boti. Ishara zilikuwa zinachelewa, kwa hiyo Khadijah, fundi wa mtandao, akawasha programu ya kunasa pakiti, yaani kila kipande cha habari kinachopita, aone zinapotelea wapi. Sasa mashine ilivuma kama posho mill, kinu cha kusaga mahindi. Prosesa ilikuwa imefika asilimia mia. Ishara ya boti ile ikapotea kabisa.

Khadijah alifunga programu zingine. Akaielekezea feni. Bado. Absalom, mwenyekiti wa ufuo, aliuliza tena na tena kama iliyokufa ni mashine au ni boti. Waokoaji walikuwa tayari, lakini waende upande gani, na ziwa limekuwa jeusi lote?

Khadijah akaisoma orodha ya pakiti. Karibu pakiti zote zilitoka kwenye kompyuta hiyohiyo. Absalom alikuwa anawarushia wake wa wavuvi picha ya skrini moja kwa moja kwenye simu, wasihangaike. Kila picha iliyotoka ilinaswa. Ikinaswa, inaongezwa kwenye orodha na skrini inabadilika. Ikibadilika, inatoka picha nyingine.

"Naikata hii picha, Mzee."

"Usiguse." Absalom akamzuia mkono. "Huku kwetu hatupigii mtu simu kumwambia amefiwa. Tunanyamaza, tunamwendea. Ukikata sasa, watajua tumepata maiti."

"Tukiiacha, tutazipata."

Akaikata. Akaiambia programu inase ishara za boti pekee. Mvumo ukashuka. Hapo tukasikia kilio kutoka nyumba za wavuvi zilizo juu ya ufuo, kisha vingine. Benta, mke wa Griffins, aliingia bila viatu, akamshika Khadijah nguo.

"Sema tu, dada. Ni wangu?"

Khadijah akarudi kwenye kompyuta. Kisha nukta moja, ishara ya boti ile, ikatokea kwenye skrini, mbali kusini, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amepafikiria.

Waokoaji walienda huko, wakamkuta Griffins majini, ameshikilia mtungi wa mafuta. Okello alipatikana baadaye, amekufa, akazikwa kwao Nyakach. Griffins na Benta sasa wanalima karibu na Pap Onditi. Absalom bado ni mwenyekiti. Khadijah alipata kazi Nairobi. Mimi niliondoka wiki hiyo kwenda Busia.