Aliyemwacha Mfaransa

Lori lilisimama Maili Moja kupoza injini, na askari akamruhusu shemeji yangu Abeid ashuke kunyoosha miguu. Hakuwa na pingu. Askari alimfungua tulipotoka Mlandizi, akisema mtu mwenye adabu kama ile hana pa kukimbilia. Aliyasema kwa wema, wala hakujua amesema kweli kiasi gani.

Dereva alifungua mfuniko, mvuke ukamrukia, akarudi nyuma akitukana. Abeid alitabasamu. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi, aliyoishona mwenyewe, kwa kuwa Mwanahalima, dada yangu, alikataa mume wake apelekwe melini kama mwizi.

"Husseini, ishia hapa," aliniambia. "Ukija mpaka mjini, dada yako atabaki na nani?"

"Wanakupeleka Ngazija, shemeji. Ni kwenu. Mama yako yupo."

"Kwetu." Alitazama barabara ya Morogoro tuliyoijia. "Mtu hufukuzwa akarudi kwao. Mimi naona wananifukuza kwetu."

Dereva akapiga honi. Abeid akapanda nyuma, akakaa juu ya magunia ya mkaa, akaikunja kanzu vizuri magotini isichafuke. Nilisimama hadi vumbi likatulia. Ilikuwa mwaka 1953, mwisho wa masika.

Alifika kijijini kwetu Kurui kabla ya vita, kijana wa Kingazija mwenye cherehani ya mkono. Mjomba wake alikuwa mpishi wa Wazungu mjini Dar es Salaam, akataka kumfundisha jiko; yeye akakataa moshi, akafuata wateja wa kanzu huku bara kwetu Kisarawe. Alishona, akaswali nasi, akazika nasi, akamwoa dada yangu.

Kwetu mgeni akioa hupewa shamba. Lakini hupewa la mihogo, la kunde, la mahindi, vitu vinavyong'oka. Mnazi hapandi. Ardhi ni ya ukoo, mnazi ni wa aliyeupanda, na anayepanda mnazi amesema mbele ya watu kwamba wajukuu zake wataula hapohapo. Abeid aliijua desturi hiyo, akalima mihogo miaka yote bila kunung'unika. Mimba za Mwanahalima zilikuwa zikiharibika. Hatimaye alijaliwa mtoto wa kiume, wakamwita Saburi, na mtoto hata hajajua kukaa, Abeid alikwenda kwa Jumbe Mwinyijuma kuomba ruhusa ya kupanda minazi.

"Mimi sina neno nawe," Jumbe alimwambia. "Lakini Ngazija ni ya Mfaransa, nawe ni mtu wake. Boma wanasema ardhi ya wenyeji ni ya wenyeji. Kesho Bwana Shauri akiniuliza Mfaransa amefikaje Kurui, nitamjibu nini?"

"Nikimwacha huyo Mfaransa?"

Jumbe alicheka hadi akakohoa. "Utampa talaka?"

"Tatu kwa mpigo."

Maneno hayo yalizunguka kijiji kizima. Mwishehe, jirani yetu mkwezi, mtu asiyeweza kufunga mdomo wake, alimsimamisha Abeid mbele ya msikiti. "We Mngazija! Mwanamke akiachwa hurudi kwa walii wake. Wewe ukiachana na Mfaransa utarudi kwa nani?"

"Kwenu."

Wazee hawakucheka. Neno la Mwishehe liliwaingia. Aliyeachwa lazima apokewe. Asiye na baba hupokewa na ami, asiye na ami hupokewa na kadhi. Hakuna anayebaki njiani. Wakaona Abeid apokewe kabla hajamwacha Mfaransa, na kumpokea mtu mzima kwetu kulikuwa na njia moja: achanjiane na mwenyeji, wawe ndugu wa damu. Wakanitaja mimi.

Mwanahalima alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Husseini achanjiane na mume wangu? Basi mimi nimezaa na kaka yangu! Huyo Saburi mtamwita nani, mpwa wa baba yake?"

Hapo ndipo wazee walipocheka, na aibu wakaona. Mwishehe, ambaye si wa ukoo wetu, akaufungua mdomo wake. "Nichanjeni mimi. Mama alinizaa peke yangu, sijapata ndugu wa kugombana naye."

Walichanjwa kifuani, asubuhi, uani kwa Jumbe. Kuku alichomwa ini, kila mmoja akala kipande kilichoguswa na damu ya mwenzake. Mwalimu wa chuo cha Kurani alishinda nyumbani siku hiyo; alisema jino linamuuma. Mwishehe alikula kiapo kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti isiyo na mzaha: "Nikikukana mbele ya mtu yeyote, ini hili linigeuke."

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la kumi, nikifundisha Magindu, na Kiingereza kidogo nilikuwa nacho. Nikamsindikiza mjini kwa wakala wa Mfaransa, akaukane uraia wake. Mzungu yule alimwuliza mara mbili kama ameelewa anachokifanya. Mara ya tatu aliweka kalamu chini.

"Ukitoka mlangoni hapo, utakuwa raia wa nani?"

"Wa Kurui," alisema Abeid.

Mkalimani alinitazama mimi kwanza, ndipo akafasiri. Mzungu akatia sahihi, Abeid akatia yake, hati yake ya Kifaransa ikabaki mezani. Njiani Abeid alinunua halua, akaimba mpaka Mlandizi.

Akapanda minazi. Miche ilikuwa haijafika magotini Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alipokuja kusikiliza mashauri ya upande wetu. Jumbe angeweza kukaa kimya. Lakini hakuwa na la kuficha. Alikuwa amempokea mtu kwa desturi iliyokamilika, na alitaka aandikwe kodi pamoja na wenzake, asije akasemwa anakwepa. Akamsimamisha Abeid mbele ya baraza.

"Bwana, tumepata mtu."

Karani alifasiri. Bwana Shauri akainua macho. "Baba yake ni Mzaramo?"

"Hapana, Bwana," Jumbe alijibu.

"Mama yake?"

"Hapana. Lakini ni ndugu yangu." Mwishehe alikuwa amekwisha simama, anafungua vifungo vya shati. "Tazama hapa, Bwana. Na yeye anazo. Fungua, Abeid, aone."

Abeid akafungua. Wanaume wawili wamesimama juani vifua wazi. Bwana Shauri alizitazama chale zile kwa muda mrefu. Hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka.

"Hati yako iko wapi?"

"Nimeirudisha, Bwana. Nimemwacha Mfaransa."

"Nani amekupokea?"

Jumbe akainua mkono. Mwishehe akainua, mimi nikainua, wakainua waliokuwa chini na waliokuwa wamesimama nyuma. Bwana Shauri aliitazama mikono yetu. Kisha akazungumza polepole, maneno mengi, na karani alipogeuka kutufasiria alitangulia kusema la kwake mwenyewe, kwa sauti ya chini: "Wazee wangu, mmefanya nini?"

Wenyeji huzaliwa, tulielezwa. Kijiji hakiwezi kumfanya mtu mwenyeji. Serikali inaweza kumpokea mgeni, lakini anayepokewa hukaa chini ya dola yake mpaka siku anapopokewa. Huyu ametoka kwanza. Sasa yumo nchini bila hati ya mtu yeyote, na sheria ya watu wa namna hiyo ipo. Atarudi alikotoka.

"Bwana," Jumbe alisema, "basi mchukue wewe, kama kadhi anavyomchukua asiye na walii."

Karani hakufasiri.

Baada ya lile lori, tulijipa moyo kwamba yuko kwa mama yake. Mwanahalima alikuwa akihesabu namna ya kumfuata, yeye na mtoto. Ndipo baharia mmoja Mngazija, anayefanya kazi jikoni katika meli ileile, alipotuma neno: meli imerudi, na Abeid yumo. Kule Ngazija ofisa alipanda melini, akauliza jina lake, akasema huyu alimkana Mfaransa kwa kinywa chake, hashuki. Mama yake aliletwa na ndugu katika mtumbwi. Walionana, yeye chini majini, mwanawe juu, mpaka wakaamriwa waondoke.

Mimi na Mwishehe tulikwenda bandarini. Askari wa lango walituzuia.

"Ndugu yangu yumo humo!" Mwishehe alipiga kelele. "Ndugu yangu!"

"Baba mmoja?" askari akauliza.

Mwishehe akanivuta mkono. Tuliambaa na uzio wa waya hadi tukaiona meli vizuri, na juu, kwenye vyuma, kanzu nyeupe. Alikuwa amekonda. Alituona yeye kwanza, akainua mkono, akaweka viganja mdomoni.

"Saburi ameanza kutembea?"

Mtoto alikuwa bado anashika kuta. Nilikuwa natafuta pumzi ya kujibu, Mwishehe akanitangulia.

"Anakimbia!" aliita. "Hashikiki! Anatushinda!"

Abeid alicheka. Tulikuwa mbali, lakini mabega yake yalionyesha. Alitaka kuita tena, mtu akamshika mkono, akamwondoa pale. Meli ikaondoka naye siku iliyofuata. Baharia yule alituambia baadaye kwamba Mombasa walimkataa, na Majunga wakamkataa, kisha akahamishiwa meli nyingine ambayo yeye hana mtu ndani yake. Huko ndiko habari zilikoishia.

Nimepeleka maombi kila ofisi iliyokubali kunifungulia mlango. Wote waliniuliza swali moja: huyo ni mtu wa serikali gani? Mwanahalima hajawahi kuniuliza kama mumewe yu hai. Aliniuliza mara moja tu, akipembua mchele, bila kuinua uso: "Akifa, kaka, nani mwenye wajibu wa kuja kuniambia?"

Kadhi wa Kisarawe anasema hawezi kumhesabu mjane, maana hakuna aliyeshuhudia kifo. Wazee walimtaka Mwishehe amwoe Mwanahalima, mke wa ndugu yake, asibaki peke yake. Akawajibu wamwonyeshe kaburi kwanza. Sasa ni mwaka 1958. Masika haya Mwishehe alilima shamba la Mwanahalima, ndipo akaenda kulima lake. Dada yangu bado hajakaa eda.