Usipige Laminesheni

"Geuza uso kidogo. Hapana, upande wa dirisha. Sasa inua kidevu."

Wachuka aliinua kidevu. Kihara alichungulia kwenye kamera, akaona kitambaa cha kichwa kimefunika sikio la kushoto.

"Masikio yote mawili yaonekane," alisema. "Serikali inataka masikio."

"Wewe umeishi na haya masikio miaka kumi na nane na hujawahi kuyataka," Wachuka alijibu huku akivua kitambaa.

"Usicheke."

"Sicheki."

Alikuwa anacheka. Kihara alingoja. Miaka ishirini na zaidi amepiga picha za pasipoti katika kibanda hiki cha mabati, Majengo, na anajua kwamba uso wa mtu hutulia wenyewe ukichoka kujifanya. Uso wa mkewe ulipotulia, akabonyeza.

Kisha akaketi yeye kwenye kigoda kile kile, mbele ya shuka ile ile nyeupe, na Wachuka akashika kamera.

"Nibonyeze wapi?"

"Hapo juu. Usitikise."

Picha ilitoka imeinama upande. Kihara alisema inatosha.

Picha hizo zilikuwa za kusajili ndoa yao. Walikuwa wanaisajili ili waivunje.

Mwezi mmoja nyuma walikuwa wamepanda ngazi pamoja hadi ofisi ya Monicah, wakili kijana mwenye chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo. Monicah aliwatazama wote wawili, akachukua kalamu.

"Nani anashtaki nani?"

"Hakuna mtu anashtaki mtu," Wachuka alisema. "Tuliachana vizuri. Tunataka karatasi tu."

Hilo lilikuwa kweli. Hakuna aliyempiga mwenzake, hakuna aliyemfumania mwenzake. Miaka sita iliyopita, binti yao Sophie akiwa shule ya bweni, Wachuka alikwenda Karatina kumuuguza mama yake. Mama alipozikwa, Wachuka hakurudi, na Kihara hakwenda kumchukua. Alingoja wiki moja, halafu mwezi, halafu ikawa aibu kuuliza. Siku hizi palikuwa na mtu anaitwa Mwai, aliyefiwa na mkewe, mwenye ng'ombe watatu wa maziwa. Mwai alitaka harusi ya kanisani mwezi wa kumi na mbili, na padre alikuwa amesema wazi kwamba hatafungisha ndoa ya mwanamke ambaye Nyeri nzima inamjua kama mke wa mpiga picha, mpaka aone karatasi ya korti.

"Cheti ya ndoa mko nayo?" Monicah aliuliza.

Hawakuwa nacho. Walikuwa na ngurario tu, ile harusi ya kimila ya Wakikuyu. Kihara alikata bega la mbuzi mbele ya wazee kule Gatitu, watu wakala, wakaimba hadi jioni, na hakuna aliyeandika kitu.

"Basi mtaanza kwa kuoana," Monicah alisema.

Kihara alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Chifu angeandika barua, mashahidi wangetia sahihi, picha zingebandikwa, cheti kingetoka. Hapo ndipo Wachuka angeomba talaka, Kihara naye angeandika kwamba hapingi, na mambo yangekwisha bila kelele.

"Na wewe mzee," Monicah alisema, akimwelekezea kalamu, kwa maana cheti chake mwenyewe cha uwakili kilichoning'inia ukutani kilipigwa plastiki na Kihara. "Hiyo cheti ikitoka, usipige laminesheni. Nataka kuipeleka kortini ikiwa karatasi. Ukiweka plastiki, tutaanza kutafuta ingine, na hiyo harusi ya Desemba msahau."

"Nimesikia."

"Sema tena."

"Sitapiga laminesheni."

Munene, kaka yake Wachuka, ndiye aliyekuja kuwa shahidi. Alikuwapo siku ya ngurario na alikumbuka hata rangi ya mbuzi. Lakini kabla ya kushika kalamu alimvuta dada yake kando, si mbali sana, Kihara akasikia kila neno.

"Wachuka, wewe una akili kweli? Saa hii hakuna karatasi. Ukitia sahihi hapo, wewe ni bibi wa huyu mtu mbele ya serikali. Halafu akatae kuandika ati hapingi. Utafanya nini?"

"Hatakataa."

"Unajuaje?"

"Nimeishi na yeye."

"Na ukamtoroka!"

"Sikutoroka. Nilienda. Tia sahihi, Munene, miguu inaniuma."

Munene akatia sahihi. Hakuna aliyemuuliza Kihara kitu.

Shakir, muuza chai wa kibanda cha jirani, naye hakuuliza. Alitoa shauri bila kuombwa, kama kawaida yake, huku akikoroga sufuria.

"Kihara, usiwe mjinga, bwana. Cheti kikija, kitie ndani ya sanduku, funga, meza funguo. Huyo Mwai atakunywa maziwa yake peke yake."

Wateja wakacheka. Kihara naye akacheka. Lakini neno lile lilimkwama, kama mfupa wa samaki. Miaka sita watu walimhurumia, na huruma ya watu wa Majengo ina meno. Sasa kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu ambacho Wachuka hangeweza kukipata bila yeye kusema ndiyo.

Cheti kilitoka Jumanne moja ya Julai, ukungu umeshuka hadi kwenye paa na watu wanatembea na makoti mawili. Namba iliyokuwa kwenye fomu ilikuwa ya Kihara, kwa hiyo yeye ndiye aliyepigiwa simu. Alikwenda kukichukua kwa miguu. Akiwa bado kwenye ngazi za ofisi alimpigia Wachuka, akamwambia imetoka. Wachuka akasema anapanda gari sasa hivi.

Alirudi kibandani, akafuta meza kwa mkono wa koti, akakiweka.

Kilikuwa kizuri. Hakuwa amelitazamia hilo. Karatasi nzito, maandishi meusi, muhuri, na majina yao mawili mstari mmoja baada ya mwingine. Kihara aliacha shule darasa la sita. Katika kibanda hiki alikuwa amepitisha kwenye mashine ya laminesheni vyeti vya kuzaliwa, vya kubatizwa, vya udaktari, vya ushonaji, vya vifo. Alijua kwa kidole tu karatasi ya chuo gani ni nzito na ya chuo gani ni ya kudanganyia watu. Hakuna hata kimoja kilichowahi kuwa na jina lake. Hiki kilikuwa cha kwanza.

Alikaa nacho karibu saa nzima, kisha akawasha mashine. Ni baridi, alijiambia, acha ipate moto. Taa nyekundu ikawaka.

Akachukua mfuko wa plastiki wa saizi yake, akaufungua kwa ukucha, akatia cheti katikati. Mikono ilijua kazi. Pembe nne zilikaa sawa, ukingo wa kidole kimoja kila upande, bila mkunjo, bila unywele. Angeweza kumwambia Monicah alisahau. Nani angebisha? Mtu aliyefanya jambo moja maisha yake yote, mkono ukienda wenyewe, nani atamfunga? Akaulaza mfuko mdomoni mwa mashine, akaweka kidole juu yake.

Taa ikageuka kijani wakati mlango unafunguliwa.

Wachuka aliingia na matope ya Karatina kwenye viatu. Akaiona mashine, akauona mfuko, akakiona kidole. Kamera hakuwahi kuishika kabla ya picha zile, lakini mashine hii aliiendesha miaka mingi. Hakuhitaji kuelezwa kijani ni nini.

"Imeshika moto," alisema.

"Imeshika."

Kihara alingoja apige kelele. Wachuka alivuta kigoda cha picha, akaketi mbele ya shuka nyeupe, akaanza kujipapasa magoti.

"Hii baridi itatuua," alisema. Halafu, "Ni cheti yako ya kwanza."

"Ya kwanza."

"Nilifikiria hiyo kwa gari. Nikasema, ataipenda."

Shakir aligonga bati kutoka nje. "Kihara! Chai mbili?"

"Ngoja!"

Mashine ilinguruma polepole. Harufu ya plastiki ya moto ilianza kujaa chumbani.

"Si unyang'anye?" Kihara alisema. "Si uko karibu?"

"Nikinyang'anya hii leo, wiki ijayo utahitajika kuandika ati hupingi. Hiyo nayo nitanyang'anya?" Alitikisa kichwa. "Sikukuja kupigana, Baba Sophie. Kupigana hatukujua hata tukiwa kwa nyumba moja."

"Munene alisema ukweli."

"Munene husema ukweli kila siku. Ndiyo maana hana marafiki."

Kihara alicheka kabla hajajizuia. Kidole kilikuwa bado juu ya mfuko. Alikitazama kama kidole cha mtu mwingine. Kisha akashika ukingo wa cheti kwa kucha mbili, akakivuta nje taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Kona moja ilikuwa imeanza kupata joto. Akaipuliza. Akakitia ndani ya bahasha ya kaki.

"Shika."

"Beba wewe," Wachuka alisema akisimama. "Monicah akuone ukiwa umeibeba."

Kihara alipogeuka kuchukua koti la pili, kiwiko chake kikausukuma ule mfuko mtupu, na mashine ikaukamata. Ikaumeza polepole, haina haraka, ikautoa upande wa pili ukiwa mgumu, unang'aa, hauna kitu ndani.

Wachuka aliuokota ukiwa bado na joto. Akaugeuza huku na huku, akauinua mbele ya uso wake kuelekea dirishani, akamtazama Kihara kupitia hapo. Sikio lake la kushoto lilikuwa nje ya kitambaa.

"Inua kidevu," alisema.

Kihara, bahasha mkononi, akakiinua.