Kathure na Kilima Kilichochimbika

Huko Garland, mji ulio kando ya Dallas, Kathure alijulikana kama nesi mkali asiyecheka na mgonjwa anayekataa dawa. Wachache walijua kwamba Jumamosi akiwa hana zamu huvaa gambuti na kwenda kupanda vilima kwa Volkswagen kuukuu, ile ya mgongo wa kobe, aliyoifufua pamoja na mumewe Nderitu.

Mashindano yenyewe si ya mbio. Magari ya zamani hupanda kilima cha tope moja baada ya jingine, na kila kigingi unachopita ni alama. Ukisimama tu, umekwisha. Mwaka huu yalifanyika tena kwenye ranchi moja katikati ya Dallas na Houston. Mara yao ya kwanza pale, kilima kilikuwa na nyasi, wakakwama. Mara ya pili mvua ilikuwa imekula udongo na kuanika mizizi, wakakwama palepale penye mizizi. Sasa walipangiwa kupanda wa mwisho, na kila gari lililowatangulia lilikuwa limezidi kukichimba.

Mchana, Brandon, mwamuzi wa kilima kile, aliwafuata.

"Njia imeharibika, Kathure. Tangu asubuhi hakuna aliyefika juu. Pandeni upande wa pili, ni rahisi, nami nitawapa nusu ya alama."

Prudensia, rafiki Mtanzania wa Kathure aliyetoka mtaa wa Sharpstown, Houston, kuja kuwashangilia, alimvuta mkono. "Kubali, shoga yangu. Gari lenyewe limekuzidi umri!"

"Ngoja kwanza nikaone."

Kathure akapanda kwa miguu. Magurudumu yalikuwa yamechimba mitaro miwili iliyojaa uji wa udongo mweusi, na kila dereva alikuwa ameifuata. Lakini ukingoni kushoto, magari yaliyoteleza yalikuwa yamekwangua tope lote. Alikwaruza kwa kisigino akakuta mwamba mweupe, mkavu, wenye upana wa kutosha gurudumu moja. Gurudumu la pili lingekaa juu ya tuta la katikati.

Alishuka amekunja mikono ya shati. "Brandon, tunapanda hapa hapa."

Nderitu alipunguza upepo wa matairi ya nyuma ili yashike vizuri, akaketi kando ya Kathure aliyekuwa kwenye usukani. "Mama Abby, umeona nini?"

"Jiwe. Nikisema ruka, ruka kwenye kiti, uzito ushuke nyuma."

Gari likaanza kupanda, limeinama upande kama linataka kulala. Wakapita kigingi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Penye mizizi, matairi yakazunguka bure na harufu ya mpira ikajaa ndani.

"Ruka!"

Nderitu akaruka, kichwa kikagonga paa. Kathure hakukanyaga mafuta zaidi. Aliinua mguu kidogo tu. Tairi likaung'ata mwamba, na gari likatokea juu likinguruma.

Prudensia akapiga vigelegele hadi ng'ombe wa ranchi wakainua vichwa. Brandon alipanda mbio akihema. "Umepitia wapi?"

Kathure akamwonyesha kwa ncha ya gambuti, na madereva wengine wakasogea kutazama.

"Huyo ni mke wangu!" Nderitu alimwambia kila aliyepita, mkono ukiwa kichwani penye nundu. "Mwanamke wa Meru huyo!"

Walipotaka kuondoka, injini ilikataa kuwaka. Madereva walewale wakashika gari nyuma na kusukuma, huku Kathure ameketi kwenye usukani, kidevu juu, tope hadi kwenye nyusi.