Saa ya Feza na Saa Yangu

Walisema ndege yenye ilitoka Kavumu, kiwanja chetu cha ndege, imeanguka mu pori, kule Shabunda. Nani aliiona? Hakuna. Lakini yale maneno yalinishika kama moshi mu nguo, kwa sababu mutoto wangu Feza alikuwa ndani ya ile ndege.

Ninawaandikia, wamama wenzangu, musifanye kama mimi.

Feza alikuwa anamufuata bwana yake Kinshasa. Mimi sikutaka. Asubuhi ile sikumusindikiza. Nilibaki mu jikoni nikichagua maharagi. Akasimama ku mulango: "Maman, ndege inatoka saa ine, inafika saa tano. Saa saba ukuwe ku phonie ya misioni, nitakuita."

Nikamujibu bila kumutazama: "Wende."

Saa ine mpaka saa tano ni saa moja tu. Nikajisemea, kumbe Kinshasa haiko mbali, ni kama Walungu na camionnette wakati njia iko kavu. Hiyo ilinituliza.

Saa saba nilikuwa ku phonie, ile radio ya kusema na miji ya mbali. Citoyen Tambwe, mwenye kuishika, alikuwa anapigia watu wa Shabunda kelele: "Unanisikia? À vous, sema!" Sikumuuliza kitu. Nilingoja, Feza hakuita. Njo Marcelline, muuzaji wa samaki za Idjwi, mwenye alikuwa anatoka sokoni, akaninong'oneza habari ya ndege. Nikatoka mbio mpaka nyumbani, ninalia.

Kwetu mama akilia hivyo, haulizwi. Majirani walizima moto ya jikoni, wakatandika mikeka, wakaikala chini. Matanga ikaanza.

Jua likiwa bado juu, Tambwe akafika, anahema. Akaona mikeka.

"Nani amekufa?"

"Feza," wakamujibu.

"Feza gani? Mimi natoka kusema naye sasa hivi!"

Wamama wakanigeukia. Mumoja akacheka, akajifunga kinywa na kitenge.

"Aliita saa nane," Tambwe akaniambia. "Kwao ilikuwa saa saba. Saa ya Kinshasa inabaki nyuma ya yetu, maman. Ile ndege inaruka masaa mbili nzima, kilometa elfu moja na mia tano. Si ungeniuliza!"

"Alisema nini?"

Tambwe akatazama chini. "Aliuliza: maman angali ananikasirikia, njo maana hakukuja? Mbele ya kumujibu, sauti ikakatika."

Elfu moja na mia tano. Walungu ningeenda hata na miguu, nimukamate mukono, nimwambie hapana, sikukasirikii. Lakini phonie ya Kinshasa inafunguliwa tena juma lijalo, na mpaka siku ile mutoto wangu analala akijua kwamba nilikataa sauti yake.

Basi, mutoto akisafiri:

Musikatae kumusindikiza.
Musihesabu safari kwa saa ya miji mbili bila kuuliza.
Musitoke ku phonie mbele ya kusema na mwenye kuishika.
Musizime moto kwa habari ya sokoni.
Musimwambie "wende" macho yakiwa ku maharagi.