Kiarabu Kilichobaki
...na wembe usiteleze, Kerubo anajiambia, povu bado limejaa shavu la kushoto na mzee wa watu amekuachia shingo yake yote, huku simu iko pale kando ya sinki imewekwa spika na Birgitte, bintiye, anauliza kutoka Denmaki kwa ile sauti yake ya kujikaza, "Kerubo, wewe ndiye uko naye kutwa, niambie ukweli, baba anaelewa chochote?", swali dogo tu, ndiyo au hapana, na jibu halisemeki hivi hivi, kwa sababu akisema anaelewa, si Birgitte atadhani huyu nesi Mkenya anatetea unga wake, maana visa ya Kerubo inamtegemea huyu mgonjwa, mzee akipanda ndege Ijumaa kwenda kuwekwa nyumba ya wazee huko kwao, Kerubo naye anafunga mizigo, kwaheri Doha, arudi Kisii, na Millicent anayekaa naye mtaa wa Abu Hamour alishamwonya jana wakikaanga chapati, "Wee mamaa, hiyo ni mambo ya familia, nyamaza, utaonekana unang'ang'ania kazi," na kweli amenyamaza, aki kunyamaza kunachosha... daktari alisema lugha imekwenda, na hakudanganya, alimwona siku zile za kwanza baada ya kiharusi, mzee bubu kabisa, Kidenmaki hakuna, Kiingereza hakuna, lakini hapa nyumbani, Jumamosi, Kerubo akimvalisha soksi, mdomo ukafunguka kikatoka Kiarabu, tena si hiki cha Kerubo cha kuokota madukani na kwa madereva, ni kile cha vitabuni, alichojifunza akiwa kijana, akakitumia maisha yake yote kusoma hukumu za makadhi wa zamani, kisima gani jangwani kilikuwa cha nani, nani anywe kwanza, mwenye kisima au msafiri, mtu mzima na akili zake kuuliza hilo hilo hadi mvi, na Kerubo alikuwa akimcheka kimoyomoyo, Profesa Dalgaard na visima vyake, mpaka juzi alipompelekea maji naye akakisukuma kikombe kwa ule mkono mzima, "Mgeni kwanza," akasema kwa Kiarabu, na Kerubo alipomjibu kwa Kiarabu chake cha kuungaunga kwamba yeye si mgeni, yeye ni nesi, mzee akainua kidole akamsahihisha sarufi, wueh, asiyeelewa chochote ndiye anakusahihisha sarufi?... "Kerubo, upo?" simu inauliza, yupo, wembe unashuka polepole kwenye taya, na mzee ameisikia sauti ile, jicho limeigeukia simu, mdomo uliopinda unahangaika, "Binti," anasema, "binti, binti," Kiarabu hicho ndicho Kiswahili hicho, hakihitaji hata mtu awe amefika Uarabuni, lakini kule ng'ambo Birgitte anashusha pumzi, "Umesikia? Anabwabwaja tena, maskini," Mungu wangu, anabwabwaja! Anakuita wewe, mama! Na atajuaje, yeye mwenyewe alimwambia Kerubo pale hospitalini kwamba hakutaka kujifunza hata neno moja la Kiarabu, kwa hasira, kwa vile Kiarabu ndicho kilichokuwa kikimwondoa baba yake mezani kila jioni, na sasa baba amebaki huko huko kwenye Kiarabu, hana pengine... Kerubo anaiona hiyo nyumba ya wazee, safi, ina joto, watu wapole, watamlisha, watamgeuza asipate vidonda, naye ataongea, ataongea, wao watatikisa vichwa na kutabasamu, mpaka siku atakayochoka anyamaze, na watamwambia Birgitte kwamba baba ametulia sasa. Hapana! Hilo hapana. Lakini aseme vipi isionekane ni kazi anayoililia... basi ajitoe, si ndiyo, aseme mchukue, madam, Ijumaa hiyo hiyo, ila tafuta huko mtu wa Kiarabu akae naye, Waarabu wamejaa huko, hata mwanafunzi, hata mpishi, si lazima awe mimi, na Kisii haijahama, mama atapiga kelele kidogo halafu ataweka sufuria motoni, Millicent naye aseme atakavyo, lo, kumbe ni hii kazi tu iliyokuwa imemziba mdomo siku zote hizi, na inauma kuiacha, inauma sana, wala hatajidanganya kwamba haiumi, lakini mzee hatapelekwa kwa watu wasiomsikia huku yeye amesimama na wembe mkononi kama hajui kitu.

Shavu la kushoto bado lina povu. "Binti," mzee anasema tena.

"Kerubo? Simu imekatika?"

"Haijakatika, madam," Kerubo anasema, anaweka wembe kando na kuisogeza simu karibu na mzee. "Baba yako anaelewa. Anakuita kwa Kiarabu tangu upige simu. Mwitikie."