Chai ya Mwoka Mikate

Mume wangu aliugua tumbo mwaka mzima. Nesi akatupatia pakiti za dawa ya unga. "Hii ni jamaa ya hamira, mama. Ina uhai, itamsaidia tumboni."

Nilicheka. Mtu ameoka mikate miaka thelathini, leo analishwa hamira.

Mimi ni mkali, siku haikupita bila dawa. Kila asubuhi nilimimina ule unga kwenye chai inayofuka mvuke, nikasimama mlangoni, mikono kiunoni. Yeye aliutazama mvuke, akapuliza, akanywa mpaka tone la mwisho. "Mkono wako una dawa, mama watoto," alisema.

Tumbo halikupona. Wiki tatu baada ya kumzika, nilienda kazini kwake kuchukua aproni yake. Ukutani, juu ya meza ya kukandia, kulikuwa na karatasi yenye mwandiko wake: "Maji yawe vuguvugu. Ya moto yanaua hamira."

Nilimgombeza palepale, kwa sauti, mbele ya waokaji wenzake. Kwa nini hukusema?

Kisha nikajiona nimesimama pale, mikono kiunoni.