Kunde Zilizokatazwa Maji

Bi Mwanabaraka alikuwa na shamba dogo Vitongoji, upande wa maweni, ambako udongo ni wa kutafuta baina ya mawe. Mvua za vuli zilikuwa zimekosekana mwaka uliopita, na mwaka huu nazo zilianza kwa manyunyu tu. Watafiti wa kilimo walipokuja kijijini kutafuta mkulima wa kujaribu nao kunde za kuhimili ukame, yeye alinyanyua mkono kabla hawajamaliza kusema.

"Ushajitafutia kazi," mumewe, Mzee Mmanga, alimwambia walipokuwa wakirudi nyumbani.

"Nshaipata. Wewe itakuhusu nini?"

Mtafiti aliyepangiwa shamba lile aliitwa Samiha, binti wa Unguja ambaye kila alipofungua mdomo watu walijua ametoka kisiwa cha pili. Yeye na Bi Mwanabaraka walipanda aina tatu, zote sehemu ya chini na zote juu kwenye mawe: kunde za kienyeji zilizohifadhiwa na Bi Mwanabaraka mwenyewe, na aina mbili mpya. Samiha alikusudia kupima mavuno ya kunde peke yake.

"Na majani, mwanangu," Bi Mwanabaraka alimwambia. "Ukame ukikaza, majani ndiyo tunayoanza kupika. Kunde yenye majani magumu mie hutonipandisha tena."

Samiha akacheka, akaongeza majani katika vipimo vyake. Tangu siku ile, kila alipokuja Vitongoji, chakula cha mchana alikula kwa Bi Mwanabaraka.

Sharti lilikuwa moja tu: shamba lisitiwe maji. "Hata zikinyauka, Bi," Samiha alisema. "Tunataka tujue ipi itavumilia na ipi haitavumilia." Mzee Mmanga alikuwa amekaa barazani akisuka kamba, na alisikia kila neno.

Kunde zilipoanza kutambaa, simu ikaja kutoka Wambaa. Binti yao, Asya, amejifungua. Bi Mwanabaraka akakusanya kanga zake aende akamlee mzazi mpaka arubaini. Alipokuwa anapanda gari alimgeukia mumewe.

"Baba Asya, nakuachia shamba langu. Liangalie."

Basi Mzee Mmanga akawa analiangalia. Mwanzoni alipita tu akirudi msikitini. Mawingu yalipita nayo, yakenda kunyesha baharini. Majani yakaanza kulala mchana na kuamka jioni, kisha hata jioni yakawa hayaamki. Na kila usiku mkewe alipiga simu kumpa habari za mjukuu, halafu akauliza, "Na kunde zangu je?"

"Zipo," alijibu. Asingeweza kumwambia zinakufa. Alimjua mkewe: angesema alhamdulillahi kwa ile sauti ya chini, na yeye Mmanga asingepata usingizi.

Asubuhi moja baada ya sala alifunga madumu kwenye baiskeli, akashuka kisimani bondeni. Alijiambia atazitia kidogo tu, zipate kuvuta pumzi. Kesho yake akaenda tena. Viazi vyake mwenyewe, vilivyokuwa karibu zaidi na kisima, akaviacha vikauke. Kule juu kwenye mawe baiskeli haikupanda, na mgongo ulimkataza kubeba madumu kwa mkono, kwa hiyo sehemu ile hakuifikia, na jambo hilo lilimuuma kila siku.

Bi Mwanabaraka aliporudi, Samiha, aliyekuwa kwao Unguja siku zote hizo, alikuja kumpokea, na wote watatu wakaenda shambani. Sehemu ya chini ilikuwa kijani tupu.

"Mashaallah!" Samiha akapiga kelele. "Aina zote tatu!" Akachomeka kipimo chake cha unyevu ardhini, akakitazama, akakichomoa, akakifuta, akakichomeka tena. "Hiki kimeharibika," alisema, akaanza kutafuta betri mkobani.

Mzee Mmanga alimwona anavyohangaika na betri zile, akashindwa kuvumilia.

"Hakijaharibika, mwanangu. Mie nimetia maji."

Samiha akakaa juu ya jiwe. Kazi ya msimu mzima ilikuwa imelowa.

"Baba Asya!" Bi Mwanabaraka alisema. "Si ulisikia tumekatazwa?"

"Nilisikia."

"Sasa?"

"Uliniambia niliangalie. Nikaliangalia, likawa linakufa. Nikwambie nini kwenye simu?"

Bi Mwanabaraka akageuka akatazama juu kwenye mawe, ambako rangi ilikuwa nyingine. "Na kule?"

"Kule sikufika. Nisamehe. Mgongo ulinishinda."

Samiha alinyanyuka mbio, akapanda mawe kwa mikono na miguu. Kule juu aina moja mpya ilikuwa imekauka yote. Ya pili ilikuwa fupi, lakini imezaa. Ile ya kienyeji ilikuwa na kunde chache, na majani yake bado laini.

"Huku ni kukavu!" aliita. "Mzee Mmanga, kumbe umenipa mashamba mawili, moja lenye maji na moja lisilo na maji!"

"Nimempa?" Mzee Mmanga alimuuliza mkewe, haelewi kama anasifiwa au anatukanwa.

Usiku ule Bi Mwanabaraka alimkanda mgongo kwa mafuta ya makonyo ya karafuu. Alimkanda kwa nguvu, kama anayemwadhibu, na mzee alilalama.

"Ntakuuliza jambo," alisema Bi Mwanabaraka. "Viazi vyako vimekufa vyote?"

"Vyote."

Mikono ya Bi Mwanabaraka ikalegea, akaendelea kumkanda polepole.

Msimu uliofuata walipanda aina mbili tu, ile iliyozaa na ile ya kienyeji, na majirani kadhaa wakaomba mbegu. Safari hii Samiha aligawa shamba tangu mwanzo. Sehemu ya chini, ya kutiwa maji kwa kipimo, akampa Mzee Mmanga.

"Dumu moja kila mstari, Mzee. Usizidishe."

"Na zikiomba?"

"Zikiomba," Bi Mwanabaraka akadakia, "uniite mie kwanza."

Akamvuta Samiha mkono waende wakale, maana wali ulikuwa umeshapoa.